Habari za Kijito

Kila Jumamosi ya Aprili, bondeni kwetu Wales,
namwacha kaka yangu Idwal garini,
blanketi magotini, kioo kimeshushwa nusu,
naye huniagiza kama anayetuma salamu kwa shemeji:
"Niulizie wa manjano, wale wa daraja la tatu."

Njia inaanza pale reli ya kubebea mawe ilipokoma.
Vyuma viling'olewa zamani; kijito kikabaki na bonde lote,
kikiropoka kushoto kwangu, kikinyamaza penye kina,
kikiropoka tena, kama mtu aliyekumbuka alichosahau.

Harufu inatangulia: kitunguu saumu cha porini,
majani mapana yamelowa, nyota nyeupe juu yake,
mpaka natoka humo nikinuka jikoni.
Kisha yale ya buluu, chini ya miti isiyovaa bado.
Hayahesabiki. Nilijaribu mwaka mmoja,
nikafika mia nne, nikakaa chini, nikacheka.

Kuna ndege mnene, kifua cheupe
kama mtoto aliyefungwa kitambaa cha kulia uji.
Hupiga magoti mara tatu juu ya jiwe,
shikamoo, shikamoo, shikamoo,
halafu anatembea kuingia majini
kama anayeshuka ngazi za nyumba yake.
Fisi maji sijamwona. Nimeona kinyesi chake,
magamba ya samaki yakimeta ndani,
juu ya jiwe lilelile la wiki jana:
mwenye nyumba yupo.

Daraja la kwanza. La pili, ubao mmoja umeoza.
La tatu halipo.
Mafuriko ya Januari yalilichukua pamoja na ukingo,
na pale vikombe vya manjano vilipokuwa vikisimama,
maji vifundoni, kama kina mama wafuao,
pana kokoto tu, safi, sahani zilizooshwa.

Jumamosi tatu nimemwambia, "Hawajambo."
Nikaongeza chumvi: "Wamefika kumi na saba."
Yeye aliyenifundisha kulitambua ua kwa jani lake,
akinigonga kidole kila nilipokosea,
anaitikia tu, "Vema," anapandisha kioo.

Walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Hawakusema yanakwenda wapi.

Leo nimerudi, tope hadi magotini,
uongo wa nne tayari ulimini.
Idwal haniangalii. Anaangalia mtaro
nyuma ya pipa la taka la maegesho,
hatua sita kutoka mlango wake,
ambapo kipande cha ukingo, mizizi na yote,
kimenasa kwenye wavu,
kimechanua.

"Kumi na mmoja," anasema. "Si kumi na saba.
Nawaona tangu Jumamosi ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unasimulia vizuri."