Mashua Chini ya Turubai

Gundi imekataa kukauka tangu Jumanne.
Eduvina Paillacar huigusa kwa kidole,
huinusa, hutukana kwa sauti ya chini,
kisha hurudi jikoni kuchochea kuni.

Hapa Chiloé mvua haiji: ipo tu,
kama mkwe aliyehamia.
Penseli haiandiki juu ya mberoshi uliolowa,
basi vipimo huvichora kwa msumari;
vingine viko kwenye mlango wa choo,
na ole wake atakayeupaka rangi.

Mwanawe alipiga simu kutoka Puerto Montt:
Mama, nunua ya plastiki, yaishe.
Akamjibu: Taruma la saba limepinda vizuri.

Konokono amelala juu ya mkuku.
Humhamisha kila asubuhi.
Kila asubuhi amerudi.

Mwezi wa nne, majirani wanne waliibeba hadi majini.
Wakasubiri ivuje, ndoo mkononi,
maana mashua mpya huvuja, ndiyo adabu yake.
Hii ilikaa kavu kama sahani kabatini:
ilikwisha kunywa maji yake yote ikiwa nchi kavu,
tone kwa tone, miezi kumi na minne.

Eduvina aliipindua ndoo, akaikalia,
akaanza kumtafuta konokono.