Hawezi

Swali la saba nililitunga mwenyewe:
Taja neno lenye maana ya uwezo, ulitumie katika sentensi.
Madaftari arubaini na mawili, taa ya sola inafifia,
Wete imelala, mume wangu amelala,
nimebaki na kalamu nyekundu.

Faki ameandika ubavu:
Sina ubavu wa kupanda mkarafuu wa babu.
Nikacheka. Vema.
Shaame ameandika kumudu:
Baba amemudu bati kumi, bado ishirini.
Vema, na alama moja zaidi kwa hizo ishirini.
Wako waliofaulu, waliofuzu, waliofanikiwa,
maneno ya kuvaa siku ya cheti,
yamepigwa pasi, hayana hata kunyanzi moja.
Mmoja kaandika kudiriki:
Nilikimbia, sikudiriki kuipata boti.
Neno ambalo kwetu Kilosa nililisikia redioni tu,
hapa mtoto wa darasa la sita
analo mfukoni kama gololi.
Na Bikombo, asiyenyamaza hata akila:
Mwalimu wetu kwa kufua dafu hafui dafu.
Ni kweli. Waliniona siku ile nyuma ya skuli,
kifuo kimesimama wima,
mimi nimelowa maji ya dafu hadi viatuni.

Halafu Mize Makame. Mstari mmoja:
Mama hawezi.

Nikangoja sentensi iendelee.
Nikageuza ukurasa. Mweupe.
Nikaandika pembeni, kwa mwandiko wangu wa chuo cha ualimu:
Hawezi nini? Kitenzi hiki hakijitoshelezi. Malizia.
Nikampa sifuri, nikazima taa.

Daftari lilirudi Jumatano.
Chini ya wino wangu, kwa penseli:
Mama hawezi tangu Ijumaa.

Nilimsomea mume wangu, akinywa uji.
Akaweka bakuli chini.
"Anaumwa," akasema. "Mama wa mtoto anaumwa.
Nyinyi wa bara hamsemi hivyo?"

Hatusemi hivyo.
Kwetu asiyeweza hawezi kitu fulani:
hawezi kulipa, hawezi kuogelea,
lipo jambo mbele yake limemshinda, na lina jina.
Hapa homa huvifuta vitenzi vyote,
kulima, kutwanga, kusimama, kucheka,
mtu akaachiwa kimoja tu,
tena cha kukanusha.

Alasiri nikapanda pikipiki hadi Mtambwe.
Uani karafuu zimeanikwa jamvini,
Mize kachutama anachambua makonyo,
mdogo wake mgongoni, sufuria inachemka,
daftari la hesabu chini ya jiwe lisipeperuke.
Nilitafuta neno la kumwita.
Stadi, hodari, mahiri:
yote makubwa mno kwa mabega yale,
au madogo. Sikujua.

Ndani, mama yake alijiinua kwa kiwiko.
"Mwalimu. Huyu mtoto, huko skuli, hajambo?"
"Hajambo," nikajibu, "haumwi kabisa."
Wakacheka wote wawili, mama hadi akakohoa.
Alikuwa akiuliza kama anaweza.

"Hajambo," nikarudia, safari hii nikijua ninachosema.
"Kwa Kiswahili ananishinda."

Usiku ule niliifuta sifuri. Karatasi ikatoboka.

Mwezi uliofuata homa ikanipata mimi.
Mume wangu akapeleka habari skuli, maneno mawili:
Mwalimu hawezi.
Darasa zima, na hakuna aliyeuliza nini.
Jioni wakaja mlangoni, Bikombo mbele,
na dafu limeshafuliwa,
tundu lake kaliziba kwa kidole
lisimwagike.