Kiambishi A

Mhariri, mimi niliandika hivi:
"Alifunga la tatu dakika ya themanini na nane,
akaweka pedi mezani, akanywa maji,
akauliza: nani mwingine?"

Wewe ukaipeleka mitamboni na kichwa kikubwa:
KIJANA WA PASUA AWALIZA WATOTO WA DAR.
Jumatatu watu wakamiminika kibandani kwa Kundaeli
kumtafuta huyo kijana.
Wakampa mkono kinyozi.
Wakampa mkono fundi redio.
Wakampa mkono hata yule anayekusanya mia tano mlangoni.
Aikande alikuwa palepale, juu ya kreti la soda,
anafunga kamba ya kiatu.

Sikudanganya. Wala Kiswahili hakikudanganya.
Lugha hii tuliachiwa bila shati wala sketi:
a- ni a-, anakuja, anapiga, anashinda,
hujui kama ana ndevu mpaka afike.
Ni sisi tunaomwotesha ndevu njiani.

Sasa nikueleze ambayo sikuyaandika.

Ilikuwa Desemba, Moshi imejaa wenyewe,
mabasi yametapika mabinamu wenye viatu vyeupe,
kila kihamba kina gari lenye vumbi la Chalinze.
Kwa Kundaeli runinga nne, feni moja,
ubao wa chaki, majina kumi na sita.
La kwake liliandikwa vizuri tu, kisha mtu akafuta,
akaandika "Mgeni".
Mgeni! Kazaliwa nyumba ya tatu kutoka pale.

Mmoja akamwambia, dada, saluni iko nyuma.
Mwingine, kumsikia anaomba pedi,
akasema duka la dawa liko ng'ambo ya barabara,
na kibanda kikacheka mpaka mabati yakaitikia.

Nami nilicheka, Mhariri.
Daftari mkononi, mdomo ukacheka wenyewe,
maana miaka sita nimekula mkate wako
nikiwa N. Lyatuu,
na barua za wasomaji huanza, "Kaka Lyatuu,
umeuchambua mchezo kiume hasa."
Sijamsahihisha hata mmoja.
Nukta ni ndogo, lakini
mtu mzima anaenea nyuma yake.

Walimpa pedi mbovu.
Kitufe cha shuti kinashika mara moja kwa tatu.
Akakisoma kama unavyomsoma mbuzi mkaidi:
akabonyeza kabla ya wakati, akangoja.
Nusu fainali umeme ukakatika anaongoza mbili.
Uliporudi wakasema tuanze upya, sifuri kwa sifuri.
Akasema haya.
Akafunga upya, yale yale mawili,
kona ile ile,
kama mtu anayerudia sentensi kwa kiziwi.

Fainali unaijua, hiyo niliiandika.
Ila sikuandika ukimya wa baadaye.
Kundaeli alihesabu elfu arobaini mara mbili,
na mara ya pili hakuwa anahesabu,
alikuwa anasubiri mtu amzuie.
Nje dirishani palikuwa na kichwa cha mtoto,
nywele za shule, amepanda tofali,
vidole vinacheza hewani
vikibonyeza kisichokuwepo.
Huyo hakucheka. Nilimwona,
na aibu ikanishika shingoni kama kola mpya.

Kwa hiyo naomba sahihisho.
Ukurasa wa pili, hata chini ya matangazo ya viwanja,
herufi ndogo kadiri upendavyo:

Aliyefunga ni Aikande Njau, mwanamke,
mshona mashuka, soko la Mbuyuni.
Mpinzani wake hakuwa mgonjwa, kama alivyodai.
Aliyeandika anaitwa Nakunda.
Nakunda Lyatuu.
Usiniwekee nukta.

Wakileta barua za matusi, ziweke mezani kwangu,
nitazisoma na chai.
Jumamosi sipo ofisini.
Nimenunua pedi yangu, vitufe vyote vinashika,
nakwenda kwa Kundaeli kuandikwa ubaoni.
Najua nitafungwa.
Nataka nifungwe kwa jina langu.