Kufua

Kwa lugha yangu neno ni moja:
shuka hufuliwa, chuma hufuliwa,
na aliyeshindwa na vyote, husemwa hafui dafu.
Urve hana bahati hiyo. Kwa Kiestonia
maneno ni mawili, mikono ni ileile.

Jumatatu hadi Ijumaa, chini ya hospitali ya Viljandi,
anafua shuka za wodi nne.
Kwa harufu tu anajua nani amepona
na shuka ya nani imeletwa mapema mno.

Jumamosi anavaa gauni la kitani, limeshonwa kwa mkono,
halina zipu, halina kifungo cha plastiki
(mwaka jana walimkagua hadi soksi).
Saa anaivua. Miwani anaificha kwenye kapu la vitunguu.
Karne saba na ushei zinaporomoka
nyuma ya banda la viazi la kaka yake Ülo.

Tanuri ni karai la kufulia la bibi yao,
limekandikwa udongo na kinyesi cha farasi.
Fuawe ni kipande cha reli;
wageni wakija analitupia gunia,
maana enzi hizo treni haikuwa na pa kupita.

Anataka kisu kimoja. Kimoja tu,
kama kile alichokiona nyuma ya kioo,
kimeliwa na kaburi hadi kuwa chembamba kama jani:
chuma laini huku, chuma laini huku,
na pua katikati,
kama pua ilivyo katikati ya uso.

Moto mwekundu: bado.
Moto wa rangi ya chungwa: bado.
Cheche nyeupe zikiruka: umechelewa.
Kati ya bado na umechelewa pana pumzi moja,
na ndani ya pumzi hiyo ananyunyiza mchanga
kama atiaye chumvi uji wa mgonjwa,
kisha anapiga.

Cha kwanza kilifunguka kama kitabu.
Cha pili kilitoka kizima, kikazama majini,
kikasema *tik*.
Ülo, mlangoni, kiazi mdomoni:
"Dukani kisu ni euro nne."
"Najua," akasema Urve. "Ndicho nilichokumenyea hicho kiazi."

Julai, kambini, siku ya vita,
Tarvo, ambaye siku nyingine huandika programu za benki,
alipigwa chini ya kofia ya chuma.
Panga zote ni butu. Pua haikujua.
Akaja mbio na joho jeupe limelowa,
akalitupa miguuni pa Urve:
"Wewe si ndiye mfua nguo wa hospitali?"

Nyundo ilikuwa juu.
Wapiga mishale wawili waliacha kula soseji.

Akaishusha polepole, kando.
Akaliokota joho.
"Damu haitaki maji moto," akamwambia,
"ukiipa moto inahamia humo moja kwa moja.
Inamisha kichwa mbele, si nyuma. Bana hapo."
Akalitumbukiza katika ndoo ya kuzimia chuma,
akamwaga chumvi viganja vitatu,
akasugua kola kwa kola, kama wodi ya pili.
Maji yakawa ya waridi.

Jioni kisu cha tatu kiliiva,
na ndoo ilikuwa ile ile; nani angeteka nyingine?
Kikaingia, kikanguruma, kikanyamaza.
Akangoja ile *tik*.
Akangoja hadi mbu wakamchoka.

Tarvo, pamba puani, anamsimulia kila mpita njia
kwamba damu yake ndiyo iliyokipa kisu roho.
Urve anasema ni chumvi:
huvunja mvuke, chuma kikapoa sawasawa.
Hawamsikilizi.
Joho, lakini, lilitakata.

Jumatatu msimamizi anaona alama mkononi,
nyekundu, ndefu kama kidole.
"Nini hiyo?"
"Pasi."
Mashine ishirini zinazunguka.
Humu chini hakuna aliyewahi kuona pasi.