Kikofia

Ukimgusa kwanza, umemkosa.
Hilo ndilo alilonifunza shangazi Somoe
asubuhi ya bamvua, maji yamekimbia mbali
na mwamba wa Msangamkuu umebaki mweusi, unatoka jasho.
Huyu habishiwi hodi, alisema.
Kisu kiingie mara moja, kama habari mbaya.
Ukisitasita atajibana,
utavunja kisu, utavunja kucha,
na yeye hata hajui kama ulikuja.

Jina lake? Shangazi alimwita kikofia.
Jirani yetu Mmakua alikuwa na jina jingine.
Mwalimu wa sayansi alisema, "Konokono wa baharini,"
akafuta ubao.
Mimi kikofia kinanitosha:
kofia asiyomvulia mtu,
mistari imeshuka toka utosini hadi ukingoni,
na chini yake mguu mmoja tu, mnene, mkaidi.

Nilikuwa na miaka tisa. Niliiba rangi ya kucha ya dada,
nikamtia mmoja nukta nyekundu juu ya ganda
na nukta nyingine jiweni, pale alipokaa.
Maji yakaja, yakaifunika kesi yote.

Maji yakijaa, hutoka kula.
Hutambaa na ulimi wake wa tupa
akikwangua ukijani wa mwamba
kama mtoto na ukoko wa sufuria.
Anakwenda shubiri mbili, tatu, gizani,
hana macho ya kusema ni macho.
Maji yalipokupwa nikamkuta:
nukta kando ya nukta.
Kesho yake vilevile.
Na kesho kutwa.

Anajuaje? nikauliza.

Somoe, aliyeolewa Newala,
akaolewa Masasi,
akaolewa tena na dereva wa lori la korosho,
na mara zote tatu akarudi na sanduku lilelile
kwenye chumba kilekile cha uani,
alinoa kisu jiweni kwanza.
Kisha akasema:
"Ganda lake limekatwa kwa kipimo cha jiwe hilo.
Kwingine litavuja."

Akambandua mwingine. Tik.
Akamtupia ndooni.
Jiweni pakabaki duara, jeupe, limezama kidogo,
kama alama ya pete kwenye kidole cha mjane.

Mwezi wa nne nilivuka kwa kivuko kwenda kumzika.
Baada ya arobaini tukagawana vitu.
Chumba kilipobaki kitupu nikaona sakafuni
vishimo vinne vya miguu ya kitanda,
kimoja kirefu kuliko vingine,
upande aliokuwa akilalia.

Nilishuka mwambani. Nukta yangu haipo,
ningeshangaa ingekuwepo.
Maduara yapo mengi, mengine yana wenyewe.
Nilitia kidole gumba katika moja lililo wazi.
Kilienea, ila si sana.

Kitanda amekichukua binamu yangu Mfaume.
Anasema kwake kinayumba.
Amekiwekea kigae chini ya mguu mmoja,
na bado kinayumba.