Pau Zilizosimama

Nilichora ubaoni mstari wa kulala,
nikasimamisha mwingine pembeni, kama mwimo wa mlango,
nikasema: hii ni grafu ya pau.

Shekuwe, ambaye babake hukata mikoko, hakukubali.
"Pau hulala paani, mwalimu.
Hizi mbona zimesimama?"
Ili zihesabike, nikamwambia.

Wiki nzima walikuwa wakihesabu madumu ya maji
yanayoingia nyumbani kwao,
kila dumu alama moja ya makaa ukutani
(mzazi mmoja wa Langoni alikuja kunigombeza:
chokaa yake haikuwa na siku tatu).

Jumatatu tukayahamishia daftarini.
Kila kijumba ni madumu mawili, nikasema.
Mawili. Si moja.
Zena akasoma saba palipo kumi na nne.
"Na hayo saba mengine kayanywa nani?"
Akarudi kwa kidole, taratibu,
toka kichwani mwa pau hadi kwenye nambari,
kama mtu avukaye mtaro juu ya ubao mwembamba.

Kisha wakaiona ya Somoe.
Imezipita zote, inagusa ukingo wa karatasi.
Makofi! "Somoe wa kwanza!"
Ndivyo tulivyowafunza: kirefu kimeshinda.
"Kwao wana hela," akasema Famau.
Nami chaki nyekundu i mkononi,
nataka kuandika *nyingi zaidi*, nitie nukta, kengele ilie.

Somoe alikuwa akitazama kiatu chake.
"Alhamisi alioshwa bibi," akasema.
"Halafu watu wakaja."

Mimi nilikwenda kuhani pale.
Nilikaa mkekani, nikanywa kahawa yao,
na bado nilikuwa nimeishika ile chaki.

Nikalifuta swali la tatu, *Nani anaongoza?*
Nikaandika: *Pau imesema ngapi.
Haijasema kwa nini. Tumuulize nani?*
"Mwenyewe," akasema Shekuwe,
bila kuinua mkono.

Basi tukawauliza wenyewe, mmoja mmoja,
hata kengele ikalia hatukuisikia.
Mwisho tukamfikia Famau, pau yake fupi,
kijumba kimoja na nusu:
madumu matatu kwa wiki, watu tisa.
Nikainama karibu naye, sauti nimeishusha,
huruma nimeshaiandaa.

"Sisi kisima ki uani, mwalimu," akasema.
"Wewe ulituambia tuhesabu
yanayoingia."