Herufi A Imekwama

Kinaitwa kipakatalishi, nami nilikipakata kweli
kama mtoto mwenye homa: kimoto mapajani,
kinahema, kinanguruma, hakisemi kinaumwa wapi.
Nilikiwasha alfajiri. Nikateka maji, nikanyoosha shati,
nikarudi: kile kiduara cha buluu kinazunguka bado
kama mlinzi anayemtafuta mwizi aliyekwisha kuondoka.

Kazi yangu ni kuchapa ratiba za mazishi
hapa Umoja, nyuma ya duka la gesi.
Wateja wangu hawarudi mara ya pili;
hurudi ndugu zao, na wana haraka:
basi la Nyamira laondoka saa tatu usiku,
marehemu hangoji mashine ipate fahamu.

Siku hiyo nilikuwa na Mzee Zakaria Matara,
fundi bomba, baba wa watoto saba, bingwa wa drafti.
Nikaandika jina. Kioo kikanijibu: Zkri Mtr.
Nikabonyeza tena, kwa hasira.
Baba akawa bb. Mama akawa mm.
"Alizaliwa" ikatoka "lizliw", neno la mlevi.
Lugha nyingine labda zingevumilia.
Kiswahili ukikinyima a, umekinyima pumzi.

Nilijaribu yangu. Nikakizima, nikakiwasha,
dawa ya kwanza ya kila asiyejua.
Nikafuta picha za harusi ya binamu,
filamu tatu nusunusu, michezo ya mwanangu.
Nikasali, sitaficha.
Kiduara: kinazunguka.

Basi nikakifunga kwa sweta, nikaenda Luthuli,
ghorofa ya pili, kibanda upana wa mlango,
kwa Kwamboka, bisibisi kachomeka kwenye nywele.
Hakuuliza kina miaka mingapi.
Aliuliza, "Unakula ukiandika?"
Nikaangalia sakafu.

Akafungua. Skrubu kumi na moja
akazipanga kwenye kifuniko cha siagi.
Feni ilikuwa imejifunika blanketi la vumbi.
Betri imevimba kama andazi.
"Na hii," akasema, akiishika kama yai viza,
"ulikuwa unalala nayo kitandani?"
Nilikuwa nalala nayo.

Chini ya A: mende.
Si mmoja. Mama mtu na ukoo mzima,
wamehamia bila kulipa deposti,
wamekaa pale penye joto.
Nusura niwaonee huruma:
mimi pia nimewahi kutafuta chumba mwezi wa Julai.

"Na huu uzito wake?" nikauliza.
Akaniwekea diski sikioni. Tik. Kimya. Tik, tik.
"Inakufa. Sikuahidi hata wiki."
Watu mia tano na ushei nimewachapia tanzia,
sikujua kwamba wote hao nimewalaza
kwenye sahani moja inayokata roho.

Akawahamisha, wakapita polepole
katika waya mwembamba: asilimia nne, asilimia tisa.
Tukakaa matanga, mimi na yeye, tukila njugu.
Kwenye sitini na moja stima ikapotea.
Alitukana kwa Kigusii, akaanza upya.
Wachache hawakufika. Akanisomea majina ya faili,
nikatikisa kichwa kama mtu aliyewafahamu.

Elfu nne nikalipa, mia tano nadaiwa.
Siku hizi kinaamka kabla maji hayajachemka;
nimepoteza kisingizio changu cha chai.
Kitufe cha A kilitoka kwenye mashine nyingine,
cheupe kati ya vyeusi, jino la bandia.

Lakini jioni ile, palepale kibandani,
nilikigusa kwa kidole kidogo
kama mtu anayebisha hodi kwa wafiwa.
Zakaria. Matara.
Nikahesabu: a sita, zote zimefika.
Nje, simu ya mwanawe wa kwanza ikaita:
basi limeharibika Kangemi,
tusiwe na haraka.